Povu Mferejini

Miaka mingi sasa siliamini povu. Watu wa rika langu wataniona mkaidi, kwa maana sote tulikulia katika miaka ambayo kipande cha sabuni kilipangiwa foleni, na aliyekipata alinawa uani kwa madaha ili majirani waone. Hata hivyo siliamini. Mwezi uliopita mdogo wangu Chiku alinijia na zawadi, chupa nyembamba yenye pampu shingoni, akaiweka mezani juu ya magazeti yangu. "Dada, hii ni ya kuoshea uso," akasema. "Bonyeza mara moja tu, povu linatoka lenyewe, laini kama pamba." Nikabonyeza. Povu likanijaa kiganjani bila maji na bila kusugua, jeupe kupita kiasi. Na harufu yake, chini ya yale manukato ya ndimu, ilikuwa ile ile. Nikairejesha chupa mezani kama mtu aliyeshika mali ya mwenzake.

Harufu hiyo naijua kutoka Ng'ambo, Tabora, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba aliipanga kwa sababu ilikuwa karibu na reli. Baba alikuwa fundi wa karakana ya treni. Alirudi jioni mikono imejaa grisi hadi viwikoni, na kwa ajili ya grisi hiyo kila fundi aligawiwa kikombe kimoja cha sabuni ya unga kwa juma. Ilikuwa sabuni ya kuoshea vyuma na sakafu, nyeupe yenye chembe za buluu, na baba aliihifadhi juu ya kabati katika mkebe wa maziwa ya unga. Maji ya kisima chetu yalikuwa magumu. Karibu kila sabuni iliyatia ukungu tu. Lakini ukitupa ndani ya karai chembe chache za mkebe ule, yalifura povu hadi ukingoni. Miaka hiyo rafu za Mhindi wa njia ya sokoni zilibaki na viberiti na chumvi, na duka la ushirika lilipopata sabuni ya mche, habari ilifika Ng'ambo baada ya sabuni kwisha. Mkebe wa baba ulikuwa fahari ya nyumba.

Mama yetu alifariki alipomzaa Chiku, nami nilikuwa na miaka minane. Mwaka mmoja baadaye baba alimwoa Kalunde, mwanamke wa Goweko, mrefu, mtaratibu, asiyepaza sauti hata kwa kuku. Kila asubuhi alinisalimu yeye kwanza, kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mwanangu," kana kwamba mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Hilo nalo nililitilia shaka. Nilijiuliza mtu mzima anataka nini kwa mtoto hata amtangulie kwa salamu.

Kalunde hakuigusa sabuni ya mkebe. Alikuja na yake, na alipoimaliza akapika nyingine. Kwao walilima tumbaku; akaagiza mabua makavu, akayachoma, akayachuja majivu yake kwa maji katika chungu kilichotobolewa chini, kisha akayapika maji yale ya kahawia pamoja na mafuta ya karanga na ya nyonyo kutwa nzima, akikoroga kwa mwiko ambao hakuruhusu uguswe na mtu. Kilichopatikana kilikuwa uji mzito mweusi. Aliufunika ndani ya chungu majuma kadhaa, na mara kwa mara akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Bado ni kali," akaurudisha motoni na kuongeza mafuta. Ulipompendeza aliufinyanga matonge, akayafunga kwa maganda ya mahindi. Mwanamke anayeonja sabuni! Nilimtazama kutoka mlangoni na kuhesabu kila tendo lake kama ushahidi.

Shuleni tulikuwa tukifundishwa usafi kwa bidii kubwa. Taifa lilikuwa changa, redio ilihimiza, na mwalimu wetu wa afya alitukagua kucha na masikio kila Jumatatu. Siku moja alileta beseni mbele ya darasa, akaivuruga sabuni ya unga kwa mkono hadi povu likasimama kama kichuguu. "Mnaona?" akasema. "Povu ndilo linalokula uchafu. Pasipo povu, pana uchafu." Akatufundisha na kipimo: ukipitisha kidole juu ya mkono uliooshwa nao ukalia kwii, basi umetakata. Nilirudi nyumbani nikapitisha kidole juu ya mkono wa Chiku aliyetoka kuogeshwa na Kalunde. Haukulia. Ulikuwa laini, wenye utelezi kidogo, na ulinukia moshi. Majini kulikuwa na ukungu wa kijivu tu. Hapakuwa na povu hata la kujaa kijiko. Kwa akili yangu ya miaka tisa, hesabu ilikwisha hapo: mdogo wangu alikuwa hasafishwi. Alikuwa anapakwa kitu.

Ni kitu gani, niliambiwa na Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa jirani yetu, Mzaramo, mke wa gadi wa treni. Wazee wetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani, wakipita katika nchi ya Wazaramo, na kutokana na njia ile Mzaramo na Mnyamwezi wakawa watani: hutukanana, hunyang'anyana, huzikana, na hakuna aruhusiwaye kukasirika. Haya nilikuwa nayajua kama mtoto ajuavyo, yaani kwa matanga, ambako watani huja kuvuruga kilio cha wafiwa. Sikujua kwamba utani waweza kukaa uani siku ya kazi, juu ya sufuria.

"Wee Mnyamwezi," Bi Mwanaidi alisema siku hiyo, ameegemea ua, "leo unapika nini? Majivu ya nani hayo?"

"Ya babu yako," Kalunde akajibu bila kugeuka. "Tulimkuta njiani amekufa kwa uvivu wa kubeba mzigo."

"Mwongo we! Ungekuwa unampika babu yangu, sufuria ingenukia nazi. Hayo ni majivu ya maiti wa kwenu, na mafuta ni ya fisi. Utampaka mtoto wa watu mpaka ngozi imtoke."

"Ikimtoka nitakuletea ujifunge. Kanga yako imechakaa."

"Nami nitaivaa, nikutembelee nayo Goweko, wachawi wenzako wanione!"

Hakuna aliyecheka. Mtani stadi hacheki. Kucheka ni kazi ya msikilizaji, na msikilizaji pekee nilikuwa mimi, nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Nilisikia mtu mzima akimtajia Kalunde uchawi wake usoni, naye Kalunde hakukana.

Tangu siku hiyo nilichukua wajibu wangu. Kila alasiri Kalunde alimwogesha Chiku, kisha akaenda kisimani. Alipopotea kwenye kona, nilipanda juu ya kigoda, nikachota mkebeni unga wa kujaa ganda la kiberiti, nikambeba mtoto hadi bafuni kwetu, kibanda cha matete nyuma ya nyumba, nikamwogesha upya. Povu lilimfunika hadi kidevuni. Alicheka mwanzoni, akalipiga kwa viganja. Nilimsugua hadi mkono ukalia kwii, na sauti ile ndogo ilinipa furaha ambayo leo naiona aibu kuikumbuka. Kisha nilimwaga maji, na povu likatoka kwa mfereji uliopita chini ya ukuta wa matete hadi uchochoroni. Halikupotea upesi. Lilikaa mferejini, jeupe, likitoa vijisauti vya kupasuka, nami nikalifukia kwa vumbi kwa mguu.

Baada ya siku kadhaa ngozi ya Chiku ikapauka kama ukuta wa chokaa. Baadaye ikakakamaa na kupasuka mistari midogo nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko, na mistari ikawa vidonda vyenye maji. Alijikuna hadi usingizini. Sikushangaa. Bi Mwanaidi alikuwa ametabiri kwamba ngozi itamtoka, na sasa ilikuwa inamtoka. Nikaongeza unga. Kalunde naye akaanza kumpaka mafuta ya karanga kila baada ya kuoga, nami nikayaona mafuta yale kuwa dawa yenyewe ya uchawi, nikahakikisha ninayaondoa yote. Tulishindana hivyo juu ya mwili wa mtoto mmoja, yeye akipaka, mimi nikivua, na kila mmoja wetu akimwona mtoto anazidi kuharibika.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, ufagio mkononi, akitazama chini. Mferejini, mahali ambapo vumbi langu halikutosha, palikuwa na ukingo mweupe wa povu lililokauka. Aliuchokonoa kwa ncha ya ufagio. Akaninusa kwa mbali, nadhani. Au nilidhani hivyo kwa sababu mikono yangu ilinukia mkebe. "Mwangaluka, mwanangu," akasema. Nikaitikia nikakimbilia shule.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Bukene kututembelea, na alipomvua Chiku nguo alipiga yowe. Jioni hiyo kikaitishwa kikao sebuleni: baba, shangazi, na Kalunde ameketi mkekani. Bi Mwanaidi hakuwapo. Alikuwa amekwenda pwani kwa msiba wa mama yake. Shangazi alikwisha kunidadisi jikoni, nami nilikwisha kumwambia.

"Sema mbele ya baba yako," akaniamuru. "Nani alisema?"

"Bi Mwanaidi. Alisema ni majivu ya maiti na mafuta ya fisi. Alisema atampaka mpaka ngozi imtoke."

Baba akanigeukia. "Alisema akicheka?"

"Hakucheka."

Ilikuwa kweli tupu, na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo.

"Yalikuwa ya utani," Kalunde akasema. "Yule ni mtani wetu. Bwana, unajua watani wanavyosemana."

"Utani gani unaotimia mwilini mwa mtoto?" shangazi akamkata. "Utani wa kwetu huishia masikioni."

Baba akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea, kama kuna kitu kingine chochote mtoto alichopakwa. Kalunde akainua macho, akayaleta kwangu. Hayakuwa ya hasira. Yalikaa usoni pangu muda wa kutosha kwa neno moja kusemwa, na neno hilo nilikuwa nalo mimi. Nilitazama kabati. Mkebe ulikuwa pale pale juu, picha ya mtoto mnene aliyetabasamu imetuelekea.

"Mimi nimempaka sabuni yangu na mafuta," Kalunde akasema hatimaye. "Vingine sikupaka."

Ikaamuliwa arudi kwao Goweko hadi mtoto apone. Kila mtu mzima mle ndani alijua maana ya neno hilo "hadi".

Asubuhi baba alitangulia mbele na sanduku, nami nikabaki mlangoni. Kalunde alichuchumaa mbele yangu akijifunga viatu, akatoa tonge lililofungwa kwa maganda ya mahindi na kuliweka mkononi mwangu.

"Povu lako nililiona mferejini," akasema polepole. "Siku nyingi."

Nikauliza, "Mbona hukusema?"

"Baba yako anaweza kuoa tena. Chiku hana dada mwingine." Akavuta kamba ya kiatu, akafunga fundo. "Ngozi ya mtoto si sufuria, mwanangu. Mwogeshe kwa hii, kidogo tu. Msuuze. Kisha mpake mafuta angali mbichi na maji. Usisugue."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Mtoto ana mantiki yake: nilifikiri kwamba kama angekuwa mchawi angenitaja. Alasiri hiyo sikupanda juu ya kigoda. Shangazi, aliyechukia kuushika mwili wenye vidonda, aliniachia kazi ya kumwogesha Chiku, nami nikatumia tonge lile kwa siri, kidogo tu, nikampaka mafuta angali mbichi na maji. Usiku wa tatu hakujikuna. Baada ya juma la pili mistari ilianza kufunga. Ilipofika mwisho wa mwezi alikuwa na ngozi ya mtoto tena, na shangazi alimwinua juu mbele ya baba akasema kwa ushindi, "Umeona? Mchawi katoka, mtoto kapona." Sabuni ya mwanamke yule ilikuwa imemponya mtoto, na kupona huko ndiko kulikokuwa kumemtia hatiani.

Bi Mwanaidi aliporudi kutoka pwani alikuja hadi sebuleni bila kubisha hodi. "Maneno ya utani hayapandishwi barazani!" alipiga kelele, mikono kichwani. "Nani kayabeba? Nani kayabeba maneno yangu?" Baba alimsikiliza, tena alimwamini, nadhani alimwamini kabisa. Lakini mtoto mzima alikuwa anacheza pale sakafuni, na hakuna maneno yaliyoweza kumshinda shahidi yule. Nilikuwa nimeketi nyuma ya mlango. Ningesema sentensi moja na baba angepanda treni siku ile ile. Nilikaa kimya siku hiyo, na iliyofuata, hadi kimya kikawa tabia ya nyumba. Hapo kati, kila mwezi, Bi Mwanaidi alinipenyezea chini ya kanga tonge lililofungwa kwa maganda ya mahindi, lililoshushwa na mumewe kutoka treni ya Goweko. Halikuwa na ujumbe. Matonge yalikuja hadi gadi yule alipohamishwa.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma, kama ilivyo desturi yangu kusoma juu ya kitu kinachonisumbua, nikaelewa kilichotokea katika kibanda kile cha matete. Chembe ya kitu kitoacho povu ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Ile ya pili hung'ang'ania mafuta, ile ya kwanza huyavuta yaende na maji, na ndivyo uchafu unavyong'oka. Haiulizi mafuta ni ya nani. Grisi ya treni na mafuta ambayo Mungu ameyaweka kati ya chembe za ngozi, kama udongo kati ya matofali, kwake ni mamoja. Udongo ukiondoka ukuta huvuja: maji ya mwilini hutoka nje, na kila kikali cha nje huingia ndani. Sauti ile ya kwii niliyoifurahia ilikuwa sauti ya ukuta uliovuliwa udongo. Na povu lenyewe ni hewa iliyofungwa katika utando mwembamba. Halili uchafu wala halipimi usafi. Kuna viosheo vya upole vyenye povu jingi, na vikali visivyo na povu lolote. Hata sabuni ya majivu huunguza isipopikwa vema, na ndiyo maana Kalunde aliionja kwa ulimi wake na kuongeza mafuta hadi yakazidi, ili sabuni iwe na cha kula kabla ya kuila ngozi. Alikuwa anaujaribu ukali ule juu ya mwili wake kwanza. Mimi niliuita uchawi.

Tumezeeka tukivipima vitu vingi kwa povu lake, hotuba, ibada, hata huruma, na sitawasomea wenzangu orodha wanayoijua. Nasema tu kwamba shaka nayo hutoa povu. Hujaa haraka, hung'aa, humpa mwenye nayo hisia ya kutakata. Ilinijaa kifua kizima nikiwa na miaka tisa, na nilipomaliza kusugua, mwanamke mmoja alikuwa ametoka katika maisha yetu.

Baba alifariki akiamini nusu. Shangazi aliamini yote, na ndiye aliyemkuza Chiku kwa hadithi hiyo, hata ikawa ya kuchekesha wageni.

Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipoirejesha chupa mezani, Chiku alicheka. "Dada na povu! Unaogopa nini? Si mimi niliyenusurika kuchunwa ngozi na mchawi wa Goweko, na bado naoga?" Akanyoosha mkono aonyeshe. Mkunjo wa kiwiko chake ulikuwa laini, hauna hata kovu.

Nilimwambia. Nilianza na mkebe, nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni, hadi fundo la kamba ya kiatu. Sikujitetea kwa umri wangu. Alikuwa ameacha kucheka nilipofika kwenye kigoda, na nilipomaliza mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa mezani, kiganja juu, kando ya ile chupa.

"Alijua ni wewe," akasema.

"Alijua."

"Na baba alikuuliza."

"Alituuliza sote. Nilikuwepo."

"Yuko hai?"

"Sijui."

"Hujui." Akauvuta mkono, akauweka pajani. "Goweko ni safari ya asubuhi moja kwa treni, dada. Miaka yote hii hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akaniangalia. Nalikumbuka jicho lile. Nililitumia mimi kutoka mlangoni, nikihesabu kila tendo la mtu mwingine kama ushahidi. Lilipita juu ya uso wangu polepole, likashuka hadi mikononi, ambapo povu lilikuwa limekauka na kuacha ngozi imekaza. Safari hii lilikuwa limempata mkosaji mwenyewe, nami sikulikwepa.